Motokaa Ikilia, Isikilizwe: Sauti za Kuwasha na za Kufunga Breki

Zamani motokaa ilikuwa chombo cha wachache, na mwenye nayo aghalabu alikuwa na dereva wa kumwendeshea na fundi wa kumtazamia. Siku hizi mambo yamegeuka. Katika nyumba nyingi za miji yetu, tangu Mombasa na Tanga mpaka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, baba ndiye dereva, na mara nyingi mama vilevile, na pengine kijana aliyepata leseni juzi. Na chombo chenyewe huwa kimetoka Japani kikiwa kimekwisha kutumiwa na watu wengine miaka saba au kumi. Chombo cha namna hiyo hubeba watoto kwenda chuoni, wagonjwa kwenda hospitali na jamaa kwenda mazikoni; basi yafaa watu wa nyumba wazijue sauti zake, kama wanavyoijua sauti ya mlango wao au ya pampu ya maji. Si lazima mtu awe fundi. Yatosha ajue sauti ipi ni ya kawaida, ipi yaweza kungoja mwisho wa mwezi, na ipi haingojei hata kufika nyumbani.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini sauti nyingi mbaya hudhihiri wakati wa kuwasha na wakati wa kufunga breki? Sababu yake haifichiki. Wakati wa kuwasha, injini imelala usiku kucha, oili yake imeshuka chini katika beseni lake, na kijimota kiitwacho stata hutakiwa kuizungusha ingali baridi kwa nguvu za betri peke yake. Na wakati wa kufunga breki, mwendo wote wa gari hugeuzwa joto kwa muda wa sekunde chache. Tuseme gari la kilo 1,200 lakwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Likisimamishwa, joto litokalo katika breki zake lakaribia kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini; birika la chai hilo, kwa kusimama mara moja tu. Na kasi ikizidi maradufu, joto lazidi mara nne. Kitu chochote kilicholegea, kilichokauka au kilicholika, hapo ndipo kinapolia.

Sauti za kuwasha

Kabla ya mwaka 1912 magari mengi yaliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini, kazi iliyovunja mikono ya watu, kwa kuwa injini ilipokataa iliurudisha ule mkono nyuma kwa ghafula. Mwaka huo kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo kuwasha gari kumekuwa kazi ya kidole. Lakini stata ni mlaji mkubwa wa umeme, na kulalamika kwake kwa kwanza aghalabu hutokana na njaa.

Ukigeuza ufunguo ukasikia ta-ta-ta-ta-ta ya haraka, na taa za dashibodi zikafifia, usiilaumu stata bado. Betri imedhoofika, au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe au wa kijani uzuiao umeme kupita. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika usiku huonyesha kiasi cha volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Baada ya injini kuwaka, kipimo hicho hicho hupasa kupanda kufikia karibu volti 14. Kisipopanda, basi alteneta hailishi betri, na kununua betri mpya ni kutupa fedha, maana nayo itakufa vile vile. Kipimo cha umeme ni kitu cha bei ndogo katika maduka ya vifaa vya umeme, na twaona ni bora kikae nyumbani kuliko kikae kwa fundi peke yake.

Unga ule huondoka kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi au soda ya kuokea, na brashi kuukuu. Afanyaye kazi hii na aanze kufungua waya wa negativu, na wakati wa kurudisha aufunge mwisho, ili spana yake ikigusa bodi isije ikapiga cheche. Wala asivute sigara karibu, kwa kuwa betri hutoa hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo hulipuka. Watu wa pwani wajue pia kwamba joto huila betri kuliko baridi inavyoila; kwa hiyo betri iliyodumu miaka mingi Ulaya si hoja ya kudai kwamba yako imekufa mapema.

Sauti ya pili ni tk moja, nzito, kisha kimya. Hapa iko hila nyepesi ya kujua ugonjwa: washa taa kubwa, kisha ugeuze ufunguo. Taa zikififia sana, rudi kwenye betri na nyaya zake. Taa zikibaki na nuru yake ile ile, umeme upo, na aliyekataa kazi ni stata mwenyewe au ile swichi yake ya sumaku iitwayo soleinoidi. Na pasiposikika sauti hata moja, kabla ya kumwita mtu, tazama mkono wa gia. Gari la gia za kujiendesha haliwaki ila mkono ukiwa kwenye P au N, na ni wengi waliovuta gari mpaka gereji ilhali mtoto aliusukuma mkono ule akicheza. Gari la namna hiyo haliwashwi kwa kusukumwa, hata wakija vijana wa mtaa mzima.

Ama sauti ya kusaga, krrr kama ya meno ya chuma yakigombana, hiyo ni mbaya zaidi, na yatakiwa ieleweke vizuri. Stata ina gurudumu dogo la meno, na injini ina flaiwili yenye pete kubwa ya meno. Ufunguo ukigeuzwa, gurudumu dogo husukumwa likashikana na pete, likaizungusha, kisha likatoka. Meno yakiwa yamelika, au stata ikiwa imelegea kwenye bolti zake, hayashikani sawasawa, na kila unapojaribu tena unazidi kuyanyoa. Stata yaweza kubadilishwa kwa muda wa saa moja au mbili. Pete ya flaiwili haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe, na hapo gharama huwa nyingine kabisa. Kwa hiyo gari likikwaruza mara mbili tatu, acha.

Mafundi wa zamani wana ujuzi mmoja mzuri katika jambo hili. Injini ya silinda nne inapozimwa hupenda kusimama mahali pawili tu katika mzunguko wake, na kwa ajili hiyo meno ya pete hulika mahali hapo kuliko penginepo. Ikiwa gari ni la gia za mkono, zima swichi, tia gia ya juu, lisukume kidogo mpaka injini izunguke kiasi, kisha utoe gia na ujaribu kuwasha. Likiwaka vizuri bila kukwaruza, umejua kwamba pete ndiyo iliyolika, na umejua kabla hujaambiwa na mtu anayetaka kukuuzia stata. Iko na sababu nyingine ya sauti hii isiyohitaji fundi: mtu kugeuza ufunguo ilhali injini imekwisha kuwaka. Magari ya siku hizi hayapigi kelele, na mwenye kujifunza huenda asitambue kwamba limewaka. Mwalimu na amfundishe atazame mshale wa mizunguko.

Pengine stata hulia vvvv kwa wepesi, ikazunguka yenyewe, na injini isitikisike. Hapo gurudumu dogo halikutoka kwenda kushika pete, au klachi yake ndogo imekufa. Hapana haja ya kujaribu mara ishirini.

Injini ikiisha kuwaka, husikika pengine mlio mkali kama wa filimbi kwa sekunde kadha, kisha ukanyamaza. Huo ni mkanda. Betri imetoa umeme mwingi kwa stata, na alteneta yafanya bidii kuurudisha. Mkanda ulegeao au uliokauka huteleza juu ya puli yake, na kuteleza ndiko kulia. Fundi hodari hunyunyiza matone machache ya maji kwenye mkanda: mlio ukizidi, mkanda umelegea, mlio ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, yaelekea puli hazikukaa katika mstari mmoja. Kupaka sabuni au mafuta ni kuuharibu. Na katika jambo hili twawasihi wasomaji, wanaume kwa wanawake: mtu aliyevaa kanzu ya mikono mipana, au buibui, au mtandio, asiinamie boneti wakati injini inazunguka. Mkanda hauna huruma na nguo. Feni ya umeme nayo huweza kuanza kuzunguka yenyewe, hata baada ya injini kuzimwa, ikiwa kuna joto.

Kugongagonga kwa wepesi kwa sekunde mbili tatu za asubuhi, kisha kimya, mara nyingi ni oili iliyochelewa kupanda. Yaweza kuwa imepungua, au imepita muda wake, au aliyebadilisha filta alitia ya bei rahisi isiyo na kile kizuizi cha ndani kinachozuia oili isishuke usiku. Kipimo cha oili hutazamwa gari likiwa mahali pa tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. Kijana wa miaka kumi na miwili aweza kuifanya kazi hii kila Ijumaa asubuhi. Lakini wale wenye tabia ya kukanyaga mafuta kwa nguvu mara tu gari liwakapo, ati kulipasha moto, wanaikoroga injini kavu.

Kugonga kuzito, dungu-dungu, kusikokoma injini ipatapo moto, kunakozidi ukikanyaga mafuta, hasa taa nyekundu ya oili ikiwaka, kuna hukumu moja tu: zima hapo hapo, pembeni mwa njia, na gari livutwe. Kilomita mbili za "nifike tu nyumbani" zaweza kuigeuza injini ya kutengenezeka kuwa chuma chakavu.

Sauti za breki

Hapa ndipo penye roho za watu, nasi tutakawia zaidi.

Magari mengi ya leo yana diski mbele, nazo ni sahani za chuma zizungukazo pamoja na tairi, zikibanwa pande mbili na pedi. Nyuma huwa ni diski vilevile, au dramu yenye viatu vya breki ndani. Mlio ni mtetemo: pedi hushika, huteleza, hushika, huteleza, maelfu ya mara kwa sekunde moja, na sahani huimba kama upatu.

Si kila mlio ni hatari. Gari lililolala nje usiku wa mvua, au lililo karibu na bahari, asubuhi hukwaruza katika breki mbili tatu za kwanza kisha likanyamaza. Hiyo ni kutu nyembamba iliyoota juu ya diski, nayo hufutwa na pedi zenyewe. Watu wa Zanzibar, Lamu na Tanga huijua sana, kwa kuwa hewa ya chumvi haichoki. Gari lililotoka melini huwa na kutu nyingi zaidi, maana limekaa wiki kadha juu ya bahari bila kwenda, na pengine pedi zimegandamana na diski. Mwenye kulipokea bandarini asione haya kuomba magurudumu yafunguliwe kabla ya safari ndefu.

Mlio mwembamba mkali unaosikika kila unapogusa breki, au hata wakati wa kwenda tu, mara nyingi ni wa makusudi. Katika pedi nyingi umetiwa ulimi mdogo wa chuma, na pedi inapolika mpaka kubakia milimita 2 au 3, ulimi huo hugusa diski ukapiga kelele ili mwenye gari ajue. Pedi mpya huwa na unene wa kiasi cha milimita 10 au zaidi. Kelele ile, basi, ni ushahidi. Lakini tumepata kuona gereji ambako mteja alilalamikia kelele, na fundi akachukua koleo akaukunja ule ulimi, akazipiga pedi msasa, akalipwa, na mteja akaenda zake akishukuru kwamba gari limenyamaza. Kumziba mdomo shahidi si kumaliza kesi. Na ajabu zaidi ni ya wale wanaonyunyiza oili kwenye breki inayolia, kama wanavyotia bawaba za mlango. Breki hushika kwa msuguano. Ukitia oili umeuondoa huo msuguano, na pedi iliyonywa oili haifai tena ila kutupwa.

Asiyesikia ule mlio mwembamba, au aliyeupuuza, hungojewa na mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma. Hapo pedi imekwisha, na bati lake laisaga diski. Gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, joto huzidi, na diski ambayo ingedumu miaka huharibika katika siku chache. Gari la namna hiyo lisichukue watoto. Hata liwe lakwenda duka la pili.

Baba zetu hujisifu kwamba wamezitazama pedi kupitia katika matundu ya rimu, wakaziona nene. Kutazama ni kuzuri, lakini upande huo huonekana pedi ya nje peke yake. Kalipa, yaani kile chuma kishikacho pedi, huteleza juu ya pini mbili. Pini zikishikwa na kutu, pedi ya ndani hubana peke yake ikaisha, na ya nje ikabaki nene kama mpya. Hewa ya pwani hufanya hivyo upesi. Kwa hiyo kila pedi zinapobadilishwa pini zisafishwe, zipakwe grisi yake maalumu ivumiliayo joto isiyodhuru mipira. Grisi ya kawaida huvimbisha ile mipira ya kuzuia vumbi. Pedi hubadilishwa magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja, wala si upande mmoja, gari lisije likavuta kando. Na baada ya kazi kwisha, kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga breki mara kadha mpaka ziwe ngumu. Maana pistoni zilirudishwa nyuma, na mkanyago wa kwanza hushuka mpaka chini bila kushika kitu. Wako waliokwenda kupiga ukuta wa gereji kwa kusahau jambo hili dogo.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya vumbi. Mwingereza Herbert Frood alianza biashara ya lainingi za breki mwaka 1897, zama za magari ya farasi, na katika karne iliyofuata watengenezaji wengi duniani walitumia asbesto, kwa kuwa huvumilia moto. Baadaye ilidhihirika kwamba nyuzi zake zikivutwa pumuzini huleta saratani, na maradhi hayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Uingereza ilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005. Lakini si nchi zote zilizofanya hivyo, na pedi zisizojulikana asili yake hazisemi zilivyochanganywa. Vijana wengi wetu hujifunza ufundi katika gereji za kando ya njia, na kazi ya kwanza wanayopewa ni kupuliza vumbi la breki kwa pampu ya upepo, nyuso zao zikiwa karibu. Mzazi aliyempeleka mwanawe kujifunza kazi na amwombe fundi wake kwa adabu, vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Hakugharimu kitu.

Kuna sauti ya breki isiyokuwa ubovu, nayo huwaogopesha watu mpaka wakafanya kosa. Ukikanyaga kwa nguvu ghafula katika njia ya mchanga au ya utelezi, mguu wasikia breki ikirukaruka na sauti ya kukoroma, grr-grr-grr. Huo ni mtambo wa ABS, unaoziachia na kuzishika breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasifungane na uweze kukata kona. Mwenye kutojua hudhani breki zimevunjika, akainua mguu, akapiga alichokuwa akikiepuka. Usiinue, kanyaga, endelea kukanyaga, na uongoze usukani.

Bali breki ikitetema kila siku hata katika lami kavu kwa mguu mwepesi, na usukani ukatikisika, hiyo ni diski isiyokuwa na unene sawa au iliyokaa upande. Mara nyingine mwenye kosa ni yule aliyekaza nati za tairi kwa nguvu, moja baada ya moja kwa mzunguko, badala ya kuzikaza kwa kuvukana na kwa nguvu iliyo sawa.

Kugonga mara moja, ngo! wakati wa kusimama, na tena ngo! unapoanza kurudi nyuma, huenda kukawa pedi imelegea mahali pake, nalo ni jambo dogo. Lakini huenda ikawa bushi za mikono ya chini au boljointi zilizochoshwa na mashimo na matuta ya njia zetu. Boljointi ikitoka, gurudumu hulala kando na gari likawa halina dereva tena, ingawa mtu amekaa usukanini. Sauti hii isingoje. Sauti ya kufoka, fyuuu, mguuni unapokanyaga, pamoja na breki kuwa ngumu, hutokana na busta inayovuja hewa. Jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano sita mpaka breki iwe ngumu, uishikilie hivyo, kisha uwashe. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima.

Yako mambo ya breki yasiyolia kabisa, nayo ni mabaya kuliko yaliayo. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lifike angalau digrii 230. Yakiingiwa na maji asilimia 3.7 tu, kiwango huweza kushuka mpaka 155. Katika mteremko mrefu, kama ule wa Lushoto kwenda Mombo, au Kitonga, au ule wa kushuka Mai Mahiu, mwenye kuegemeza mguu kwenye breki njia nzima hupata kwanza harufu ya kuungua, kisha mguu ukazama katika kitu laini, kwa kuwa yale maji yamekuwa mvuke, na mvuke hubonyezwa. Mteremko hushukwa kwa gia ndogo, na mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili au kama kitabu cha gari kisemavyo. Asije mtu akayaongeza kwa oili ya injini. Mipira yote ya ndani itavimba, na kazi yake ni kufungua mfumo mzima.

Kwenda kwa fundi

Kijana huenda gerejini, akasema:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, gari lina nini?"

"Linalia, mzee."

"Hata mtoto mchanga analia, mwanangu, na mamake humwuliza maswali kumi. Linalia likiwa baridi au moto? Ukishika breki au ukiachia? Kulia au kushoto? Tangu lini?"

Majibu ya maswali hayo ndiyo nusu ya kazi ya fundi, na ni nyumbani yanakopatikana. Zima redio, teremsha vioo, pita polepole kando ya ukuta mrefu, maana ukuta hurudisha sauti sikioni. Mtu mwingine akae nyuma. Irekodi sauti kwa simu, kwani gari lina tabia ya kunyamaza mbele ya fundi. Na wachukue watoto. Masikio ya mtu mzima hupoteza sauti nyembamba kadiri ya miaka, na ule mlio wa ulimi wa pedi ni mwembamba sana. Mara nyingi binti wa miaka minane aliyekaa nyuma husema "Baba, gari lapiga filimbi" wiki nzima kabla ya baba kusikia kitu. Asikemewe.

Kazi ikiisha, mwambie fundi akurudishie pedi za zamani zote nne, uzipange juu ya gazeti, ya ndani kwa ya nje. Zikiwa zimelika sawa, mlipe haki yake. Ikiwa ya ndani imefika kwenye bati na ya nje ina milimita tano, mwulize habari za zile pini kabla hajashusha jeki.